Simu ya Akiba Kwenye Kabati la Vyombo

Sipendi kuisimulia habari hii, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuchekwa ovyo, lakini jirani yangu Mishi ameshaisimulia kwenye harusi tatu na matanga mawili, na kila akiisimulia anaiongezea chumvi (mara nililia, mara nilizimia, mara nilimtukana Mzungu), basi nimeona afadhali niieleze mwenyewe kama ilivyokuwa, niibebe aibu yangu kwa mikono yangu. Sikulia. Sikuzimia. Mzungu sikumtukana. Lakini mengine yote, nasikitika kusema, ni kweli.

Nyumba yangu iko Bongwe, ukishaiacha Ukunda nyuma yako, na chumba chake cha mbele kina dirisha kubwa linalotazama njia. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini, hoteli za Diani zimekuwa tupu, vitanda vimefunikwa mashuka, na wafanyakazi wanarudishwa makwao kundi kwa kundi. Binti yangu Mwanasiti alikuwa mapokezi katika hoteli moja hapo ufukweni, akarudishwa naye, akaja kwangu na wanawe wawili na sanduku moja. Hakuja peke yake. Alikuja na mwenzake wa kazi, Njeri, binti wa bara, Mkristo, mrefu, mwepesi wa mikono na mwepesi wa maneno, na wawili hao wakaniomba chumba cha mbele wafanye ofisi.

Ofisi ya nini, nikauliza. Wakanieleza. Pale ufukweni kuna nyumba za kukodisha, wenyewe wako mbali, na Ulaya kuna watu wanaotaka kuja kukaa ndani yake hata wakati hoteli zimefungwa. Anayetakiwa ni mtu wa kati, apokee maombi, apange wafagiaji, ampeleke mgeni hadi mlangoni. Na mtu huyo lazima apatikane kwa simu wakati wowote. Sasa simu ya Ulaya kwa njia ya kawaida ilikuwa ghali kupita kiasi, lakini Njeri alijifunza hotelini namna ya kuzungumza kwa kompyuta: kompyuta inapiga simu Mombasa tu, inaingia kwenye intaneti, na kutoka huko sauti inakwenda yenyewe mpaka Ujerumani. Mimi nilidhani wananichezea. Siku waliponiwekea vile vidude masikioni, nikamsikia mwanamume akisema kutoka Ujerumani, sauti inafika vipande vipande kama mtu anayeongea huku anatafuna muhogo mkavu, nikavivua nikaenda kuteka maji. Nilihitaji kufikiri.

Huyo mwanamume alikuwa na shirika la kuleta wageni, na mkewe, Bi Greta, alikuwa akiishi Diani miaka mingi, mama mkavu, mrefu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Wao ndio waliokuwa na nyumba tano za kutoa. Na Bi Greta alitoa sharti moja. Alisema, hiyo njia ya kompyuta ni nzuri lakini haiaminiki, leo ipo kesho haipo, kwa hiyo nataka kuona mmepanga laini ya pili, ya akiba, simu ya kawaida, ili siku ya kwanza ikilala mume wangu apige ya pili na apokelewe papo hapo. Siku ya majaribio tutaikata ile ya kwanza kwa makusudi. Mume wangu atapiga ya akiba mara tatu, baina ya simu na simu dakika tano. Asipopokelewa, nyumba zangu nampa mwingine.

Laini ya kwanza, ya kompyuta, walivutiwa waya mpya kutoka barabarani; ya akiba ilikuwa yangu. Marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli, aliusubiri waya ule miaka sita, na siku ulipofika alichinja mbuzi. Simu yenyewe nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole, na ikilia hata mzee kiziwi wa nyumba ya pili anageuka. Mwanasiti akaniambia, "Mama, kuanzia leo hii ndiyo akiba yetu. Isiguswe. Isipigwe kwenda popote. Ikae wazi kwa siku ya haja."

"Mimi unanifundisha akiba?" nikamwambia.

Na kweli, nani anifundishe? Nina mchele wa akiba kwenye debe ambao hata mwezi wa Ramadhani haufunguliwi mpaka niseme mimi. Nina mafuta ya taa ya akiba. Nina sanda ya akiba, imekunjwa, ina karafuu. Na nina kabati la vyombo, la mvule, milango ya kioo, fundi Salimu alilijenga kwa mkono wake, na ndani yake mna sahani na vikombe alivyoniletea marehemu, ambavyo tangu siku hiyo havijawahi kuona wali wala chai. Watu wanavitazama kupitia kioo. Mimi navifuta vumbi kila Ijumaa, nafunga, na ufunguo unaishi kwenye fundo la kanga yangu. Hiyo ndiyo akiba ninayoijua mimi.

Na tusisahau jambo lililokuwa likimlemea Mwanasiti. Alikuwa na barua, ya wakala wa Mombasa, kwamba kazi ya nyumbani imepatikana Muscat, miaka miwili, na nafasi inashikwa mpaka mwisho wa mwezi. Hakuitupa wala hakuijibu. Aliniomba niiweke kabatini, nikaiweka chini ya bakuli la supu. Kila nikifuta vumbi naiona. Ofisi ikifa, barua inatoka, yeye anapanda ndege, na wale watoto wawili (mdogo bado analala na kiatu cha mama yake) wanabaki na mimi. Nilijua hivyo. Naomba mkumbuke kwamba nilijua.

Basi asubuhi ya siku yenyewe, Mwanasiti alitoka mapema kwenda kumchukua Bi Greta na kupita naye kwenye zile nyumba kwanza, wafike kwangu saa tano kasorobo. Njeri naye alikuwa na safari ya Kwale, kupeleka fomu ya leseni ya biashara, maana karani alisema isipofika kabla ya adhuhuri siku hiyo, itasubiri mwezi mwingine. Mimi nikaachiwa ofisi. "Bibi, kazi yako ni moja tu," Njeri akaniambia, "kukaa hapo na simu."

Hajamaliza kusema, Mishi huyo akaingia na sahani ya mahamri iliyofunikwa. Nikajua. Mishi haleti mahamri bure.

"Bi Mwanaidi mwenzangu, nimpigie mwanangu Voi, neno moja tu."

"Simu hii haipigwi leo."

"Neno moja! Nimuulize homa imeshuka au haijashuka."

"Ni ya akiba, Mishi. Kampigie Ukunda."

"Simu ina akiba?" Akageuka kumtazama Njeri. "Mchele nimesikia, sukari nimesikia. Simu!" Akaondoka na mahamri yake, na hilo lilinikera zaidi ya maneno. Mara nikamwona dirishani anazungumza na wengine wawili, na mmoja wao ana kijikaratasi cha namba mkononi, nikasema, haya, sasa watakuja mmoja mmoja mpaka adhuhuri, na wa mwisho nitamwonea haya nimkubalie.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Niliichukua ile simu, nikaifuta, nikafungua kabati, nikaiweka rafu ya katikati baina ya birika na vikombe. Waya ulipita vizuri kwenye kona ya mlango iliyoliwa na mchwa, kana kwamba mchwa walikula kwa ajili hiyo. Nikafunga kwa ufunguo. Nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama. Ilipendeza! Nikafunga fundo la kanga.

Njeri alikuwa akinitazama. "Bibi, na ikilia?"

"Ikilia nitafungua. Ufunguo ni wangu, kabati ni langu, masikio ni yangu."

Hakubishana, alikuwa amechelewa. Akachukua fomu zake, akafika mlangoni, na mimi ndipo nikaiona ile sketi yake. Ilikuwa sketi ya ofisini, sikatai, lakini iliishia magotini, na nyuma ina mpasuo.

"Unakwenda wapi na mpasuo huo?"

"Bibi, hii sketi iko sawa, hata church huwa naenda nayo."

"Kanisani kwenu mnajuana. Kwale kuna wazee wamekaa kwenye mabenchi nje ya zile ofisi tangu alfajiri, wana adabu zao, wakikuona hivyo watasema umetoka nyumba gani? Umetoka nyumba yangu." Nikaivua kanga yangu ya juu, nikamfunga kiunoni mwenyewe, nikaikaza. Nikamgeuza. Nikaridhika. "Sasa nenda."

Akaenda. Mimi nikaingia ndani nikachukua kanga nyingine, nikajitanda, nikaketi kwenye kiti mbele ya kabati kama askari wa benki.

(Mmeshaona? Mimi sikuona.)

Saa nne na kidogo simu ikalia. Ndani ya kabati ililia vibaya, maana ilikuwa juu ya mbao na katikati ya vyombo vya udongo, vikombe vyote vikaanza kugongana meno. Nikainuka kwa heshima zangu, nikashika ncha ya kanga kutafuta fundo. Hakuna fundo. Nikashika ncha ya pili. Nikashika ncha zote nne. Simu inalia. Nikasimama pale, na polepole, kama maji yanavyopanda, picha ikanijia: kiuno cha Njeri, fundo langu juu yake, na gari linapanda kilima cha Kwale.

Simu ikanyamaza.

Nikatoka nje. Sikuwa na la kufanya ila kumwita mtu wa kwanza niliyemwona, na wa kwanza nani? Mishi. Nikameza nilichomeza, nikamweleza.

"Yaani asubuhi ulininyima mimi," akasema, "na sasa imekunyima wewe."

"Ndiyo."

"Sema tena."

"Mishi, wageni wako njiani."

Huyu mwanamke nimemsema vibaya maisha yangu yote, lakini hapo alikimbia. Makabati ya vyombo hapa kwetu takriban yote ni ya fundi Salimu, na Salimu (Mungu amrehemu) alikuwa akinunua vitasa vya namna moja, kwa hiyo Mishi akapita nyumba kwa nyumba, na baada ya muda nilikuwa na wanawake tisa chumbani mwangu, kila mmoja na ufunguo wake, wanapanga foleni mbele ya kabati langu kama wanaopiga kura. Wa kwanza ulikataa. Wa pili ukakataa. Wa nne uliingia, ukazunguka nusu, ukarudi. Wanatazama vyombo vyangu kwa karibu, wanahesabu vikombe, mmoja anasema "kumbe sahani ni kumi na moja, si kumi na mbili." Mishi ndiye wa mwisho. Wake uliingia vizuri kabisa. Akaniangalia kwa ushindi, akazungusha, ukagoma, akatia nguvu (nilimwambia asitie nguvu), na tukasikia *tak*.

Mkononi mwake kulibaki kichwa cha ufunguo. Meno yalibaki ndani ya kitasa.

"Kilikuwa kibovu," akasema.

Na hapo tukasikia gari linasimama nje.

Sasa jambo ninalolionea haya kuliko yote si kabati. Ni hili. Ningesema ukweli wakati huo, dakika kumi na tano zilikuwepo, pengine tungepata njia. Lakini mimi, Mwanaidi, niliyewachapa wanangu wote kwa ajili ya uongo, nilivuta kitambaa cha meza, nikakitundika juu ya kabati kikalifunika lote, nikawafukuza wanawake kwa mlango wa nyuma (wakazunguka wakaja kusimama dirishani), nikaketi kitini, mikono juu ya magoti.

Bi Greta akaingia, akaamkia vizuri, nikamjibu vizuri. Pamoja naye walikuwa wanaume wawili wenye mashati meupe, wenye nyumba nyingine hapo ufukweni, ambao hawakusema neno siku hiyo nzima. Mwanasiti alikuwa amevaa buibui lake jipya na uso wake unang'aa, na aliponitazama akatabasamu, na mimi nikatazama sakafu. Akawaonyesha kompyuta. Akawaonyesha laini ya kwanza. Kikasha cha kuiunganisha kompyuta na simu kikapiga makelele yake kama paka aliyekanyagwa mkia, ikaunganika, wakamsalimu mume wa Bi Greta, wakakubaliana naye. Kisha Bi Greta akasema, "Saa tano. Kata."

Mwanasiti akaichomoa laini ya kwanza ukutani. Akageuka kutafuta simu yangu pale inapokaa siku zote, juu ya kabati, akaona kitambaa.

"Mama, simu iko wapi?"

Na kitambaa kikalia.

Kriii, kriii, na vikombe vinapiga makofi ndani yake. Bi Greta akaangalia kitambaa. Akaniangalia mimi.

"Bibi, simu gani hiyo inalia?"

"Simu gani?" nikasema. (Haki ya Mungu nilisema hivyo. Simu inatikisa nyumba, na mimi nasema simu gani.)

Mwanasiti akakiondoa kitambaa. Ilikuwa hapo, nyuma ya kioo, nyeusi, inatetemeka baina ya birika na vikombe vya maua, kila mtu anaiona na hakuna anayeifikia. Akavuta mlango. Akanyoosha mkono kwangu kuomba ufunguo. Dirishani Mishi akashindwa kujizuia: "Mfungulieni ndege huyo, jamani, analia kiu!" na wanawake wote wakaangua kicheko, mpaka mmoja wa wale wenye nyumba akaziba mdomo kwa leso.

Ikanyamaza. Moja imekwenda.

Nikasimama. Nikaeleza yote, kanga, Njeri, Kwale, ufunguo wa Mishi, kitambaa. Nilieleza kwa sauti kubwa, nimetazama ukuta. Mwanasiti hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema tu, taratibu, "Mama, nilikwambia ikae wazi."

Akageuka mbio kutaka kuirudisha laini ya kwanza ili amwambie yule mume, kwa kompyuta, asubiri. Bi Greta akainua mkono. "Hapana. Siku itakapokatika kweli utamwambia kwa njia gani? Ya pili haiwezi kuiomba ya kwanza ruhusa." Maneno magumu, lakini nilimheshimu hapo hapo, kwa sababu na mimi ningesema hivyo. Mwanasiti akauliza kama waya hauwezi kuchomolewa, ufungwe simu nyingine. Waya ule ni wa kizamani, umekazwa kwa skrubu, na simu nyingine yenyewe hatukuwa nayo. Wakajaribu bisibisi kwenye bawaba. Salimu alizizamisha ndani ya mbao. Marehemu fundi alijenga kabati la kukaa mpaka kiama.

Simu ikalia mara ya pili. Tukaisikiliza sote tumesimama, kama watu wanaosikiliza habari kwenye redio. Mwanasiti aliweka kiganja chake juu ya kioo. Ikalia, ikalia, ikanyamaza. Mbili.

Nikamwona akiangalia kwenye ile rafu, si simu, chini zaidi. Bakuli la supu. Kona nyeupe ya barua ilikuwa imechungulia.

Mara kelele nje, wanawake wanapisha njia, na Njeri akaingia anahema, viatu mkononi, kanga yangu kiunoni imekaa sawa kabisa, imemkaa hata kuliko mimi. "Bibi! Ufunguo! Niliushika kwa foleni, nikajua tu! Nikapiga simu saa nne kuwaambia ninao, mbona hamkushika?"

Mishi akasema dirishani, "Uliliambia kabati," na akaketi chini kwa kucheka.

Njeri akafungua fundo, akanikabidhi ufunguo wangu. Nikautia kitasani, na bila shaka haukuingia, meno ya ule wa Mishi yalikuwa humo. Nikausukuma. Nikausukuma tena. Na simu ikaanza kulia mara ya tatu.

Nataka niseme nilifikiri, lakini sikufikiri. Niliingia jikoni, nikachukua mchi wa kinu, nikarudi, nikasema "Rudini nyuma," na nikaupiga ule mlango wa kioo katikati. Kioo kikamwagika. Birika likaenda nacho, na vikombe vitatu, vile vya maua, nikavisikia vinavunjika na sikuvitazama. Nikapenyeza mkono nikashika mkono wa simu. Sikuwa najua Kijerumani wala Kiingereza cha maana, nikasema nilichosema maisha yangu yote:

"Assalaam aleikum, nani mwenzangu?"

Sauti ya mwanamume, safari hii nzima, si ya muhogo, ikasema kwa Kiswahili cha kujifunza: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini mmechelewa?"

Chumba kizima kinanitazama. Kitambaa kilikuwa bado kiko sakafuni miguuni pangu. "Kwa sababu niliifungia kabatini," nikasema, "na ufunguo nikautuma Kwale. Kosa ni langu, si la binti yangu. Yeye aliniambia isifungwe."

Nikamsikia anacheka mpaka akakohoa, na akaomba kuzungumza na mkewe.

Walizungumza kwa lugha yao. Mimi nikaanza kuokota vioo. Bi Greta alipoweka simu chini, akakaa kwenye kiti changu, akatoa kitabu chake. "Leo hamkufaulu," akasema. Mwanasiti akaitikia kwa kichwa, alikuwa ameshajiandaa. "Simu ilipokelewa, lakini siwezi kumwambia mgeni asubiri mpaka bibi avunje kabati."

Na mimi, kwa kuwa sikuwa na heshima nyingine ya kupoteza, nikasema: "Hata tungepokea ya kwanza, mpango wenyewe una kasoro."

"Mama," Mwanasiti akasema.

"Niache. Mimi intaneti siijui, lakini nguzo naijua. Laini zote mbili zinatoka kwenye nguzo moja, ile pale barabarani, iliyopinda. Mwaka juzi lori la mchanga liliigonga nikakaa wiki tatu bila simu. Siku ikianguka, ya kwanza na ya akiba zinalala pamoja. Tunataka ya tatu, na isitoke hapa."

Bi Greta akainuka, akaenda dirishani (wanawake wakampisha), akaitazama nguzo kwa muda. Wale wenye nyumba wawili wakaenda kuitazama pia. Alirudi na uso mwingine. "Ya tatu itakuwa wapi?"

"Duka la mabati, upande wa Ukunda. Waya wao unakuja kwa nguzo nyingine, kwa njia ya juu. Mwenyewe ni mtu mzima, anafungua alfajiri mpaka magharibi, na mkewe hulala hapo hapo. Mishi atakwenda kuongea naye, ni shemeji yake."

"Mimi?" akasema Mishi.

"Wewe. Nawe utampigia mwanao Voi kabla hujakwenda. Simu hiyo hapo."

Akaingia kwa mlango, si kwa dirisha, akakanyaga vioo vyangu, akampigia. Homa ilikuwa imeshuka. Alizungumza zaidi ya neno moja.

Bi Greta alitupa wiki moja. Alitaka mpango uandikwe: namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, nani anapokea, na asipokuwepo nani. Njeri akatafuta karatasi, mezani hakuna, fomu zake za leseni alikuwa amerudi nazo bila kuzikabidhi (na ndiyo, leseni ilisubiri mwezi mwingine, hilo nalo liko juu yangu). Mwanasiti akanyoosha mkono kwenye kabati lililo wazi, akachukua ile barua chini ya bakuli la supu, akaikung'uta vioo, akaigeuza upande usioandikwa, akaanza kuandika. Nikamwangalia akiandika. Aliandika kwa wino, kwa herufi kubwa, mpaka mwisho wa karatasi.

Wiki ya pili walikuja wakakata laini ya kwanza, kisha wakakata na ya pili, bila kutuambia. Yule mume akapiga duka la mabati, na Mishi, aliyekuwa zamu hapo dukani, akaja mbio mpaka kwetu na ujumbe umeandikwa kiganjani. Nyumba tano zikawa zetu. Mwanasiti hakupanda ndege, na yule mdogo sasa analala bila kiatu.

Kabati halijatiwa kioo tena. Sikutaka. Vyombo nimevitoa, tunavilia, sahani kumi na moja, na simu inakaa juu ya meza mahali ambapo hata mpita njia anaiona. Ile karatasi imebandikwa kwenye mlango uliobaki, namba zimetazama nje. Mchele wa debe nitaendelea kuufunga, msije mkaniomba. Lakini kitu kinachongoja kuitwa sikifungii tena. Na kanga zangu, kabla sijamfunga mtu, nazikung'uta kwanza ncha zote nne.